Jumbe za Shule

Lueth hakujua kusoma, na wala hakulionea haya. Alikuwa na Yar. Kila ujumbe wa shule ulipoingia kwenye simu yake ndogo, alifunga kibanda chake cha unga pale kambini Kakuma akakimbia nyumbani binti yake amsomee. Yar aliutazama ujumbe, akatabasamu, akasema walimu wanamsifu. Basi siku hiyo mzee wa watu angempunja nani? Alipima unga mpaka ukamwagika, majirani wakamtania kwamba huyo nesi wake atamfilisi kabla hajavaa sare.

Unesi ndio uliokuwa ndoto ya nyumba ile. Mama yake Yar alifariki kwa uzazi njiani wakitoka Sudan Kusini, na hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Ndiyo maana Yar alipomwambia baba yake kwamba masomo ya siku hizi yako kwenye simu, Lueth hakuuliza mara mbili. Alimnunulia ile kubwa ya kioo. Akimwona ameiinamia tangu atoke shule mpaka usingizi umchukue, alimkataza hata kuteka maji. Ndoo alibeba mwenyewe. Mwanangu anasoma, jamani! Kumbe mwana anatazama video za watu wakicheza, na yeye anacheza, anajirekodi, anahesabu laiki.

Shule ilipotuma ujumbe wa matokeo ya kidato cha nne, Yar alimwambia amepata B. Lueth alilia mbele za watu. Akapanga foleni siku tatu kutafuta kibali cha kutoka kambini, akaenda Lodwar, kwenye chuo cha wauguzi, kumwombea nafasi. Yar alisema kichwa kinamuuma, akabaki.

Ofisini, karani wa usajili, mama mmoja aitwaye Jebet, aliomba kuona matokeo. Lueth akampa simu kwa fahari. Hakuwahi kufuta ujumbe wa shule hata mmoja. Jebet akasoma, akarudi nyuma akasoma nyingine. Kisha akamweleza taratibu kwamba binti amepata D, na kwamba shule imekuwa ikimwita mzazi tangu Februari. Lueth alishukuru, akasahau kofia yake mezani.

Jioni alifika nyumbani. Hakumchapa, hakufoka. Alikaa juu ya ndoo, akamnyooshea Yar ile simu ndogo.

"Nisomee tena zile za shule, mama. Safari hii kama zilivyo."

Yar alisoma moja baada ya nyingine huku machozi yakimtoka. Alipofika kwenye ule wa Julai sauti ilikatika, na Lueth akamwambia amalize.

"Mzazi, tafadhali fika shuleni. Yar ana akili nzuri, na muda bado upo."

Lueth alijaribu kuikumbuka siku hiyo, ikamkataa. Mwishowe akauliza yeye mwenyewe alifanya nini aliposomewa ujumbe huo.

Yar hakuinua uso.

"Ulichinja kuku, Baba."