Herufi za Maji

Ngo, ngo. Brashi iligonga ukingo wa bakuli, na bibi, kitandani mwake, akajua mjukuu ameamka. Nje kulikuwa bado kiza. Uani, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Mjapani alichuchumaa, akiandika Kijapani kwa maji juu ya saruji. Karatasi huisha, maji hukauka, ukaanza tena. Bakuli alilikuta limejaa, kama kila alfajiri. Bibi hulijaza kabla ya kulala, wala hajawahi kulitaja.

Leo ilikuwa siku ya jibu. Baba mkubwa, mwenye nyumba, alimtaka achague: aache Kijapani chuoni ahamie uhasibu, au atafute pa kulala.

Akatokea mapema, viatu vinang'aa, funguo za pikipiki mkononi.

"Mjapani!"

Hakuitika. Alikuwa katikati ya herufi, na mwalimu wao wa chuoni hana msamaha kwa hilo: mkono ukisita, herufi imekufa. Lakini katika nyumba hii, mkubwa akikuita unaitika hata kama una tonge mdomoni. Mjapani alivuta mstari wa mwisho, akainua mkono taratibu, ndipo akasimama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Shikamoo yenyewe imepitia Japani kwanza?" Hakuipokea. "Hebu nieleze. Hicho Kijapani utaongea na nani? Na pikipiki yangu? Hata yenyewe imeshazoea Kiswahili!"

Bibi, aliyekuwa ametokeza mlangoni, alicheka kabla hajajizuia. Mjapani naye akacheka, kisha akakaza uso.

"Siachi, baba mkubwa."

"Na pa kulala?"

"Mwenzangu wa darasani ana godoro pana. Mzigo nimeshafunga."

Baba mkubwa alimgeukia mama yake, akitafuta wa kumuunga mkono. Bibi aliinama, akaokota bakuli, akalijaza maji upya.

"Mama, hata wewe?"

"Mimi nateka maji tu, mwanangu."

Mjapani akaingia ndani, akatoka na begi lililomlemea upande mmoja kwa uzito wa kamusi. Baba mkubwa alikuwa bado anaitazama sakafu.

"Hili ndilo lililokuziba masikio? Ni nini?"

"Ni herufi ya nyumba. Kuiandika, unaanza na paa."

Baba mkubwa akaguna. Akamnyang'anya begi. "Lete hapa. Utavunjika bega kabla hujaiona hiyo Japani." Akaizunguka ile herufi kwa mbali, kama mtu anayempisha mtoto aliyelala, akaenda kulifunga begi nyuma ya pikipiki.

"Neno langu sijalibadilisha," alisema, akikaza kamba.

"Wala mimi langu."

Jua lilikuwa limeingia uani. Mistari ya chini ilishafutika; paa, lililochorwa brashi ikiwa imejaa, lilibaki bichi.

"Jumapili uje umsalimie bibi yako."

"Nitakuja."

Baba mkubwa alihangaika na funguo, hakumtazama.

"Uje asubuhi," akasema. "Kabla sijatoka."