Salamu za Nyuma ya Mkorosho

Watu wa Jilore walisema Nzai ana wazimu. Waache waseme, mdomo ni nyumba ya maneno. Lakini ukitaka kumjua mtu jasiri, usimtafute kwa askari wala kwa wawindaji. Muulize Kabibi, mama Kahonzi, mke wa Nzai, akupe habari za mumewe.

Nzai alikuwa kibarua wa chumvi kule Marereni. Mwaka uliofuata ule wa njaa, tulipopewa mahindi ya manjano ya msaada, akaanza kuona anatazamwa. Akiinua beleshi, kuna mtu kwenye tuta la bwawa la chumvi anamtazama. Akienda kuoga, yupo. Akilala, yupo juu ya makuti. Siku moja aliacha kazi akaja nyumbani kwa miguu, hana hata kiatu, akaanza kuziba kila tundu la ukuta kwa udongo ili asichunguliwe. Kabibi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Walizunguka naye kwa waganga na kwa waombeaji, mwisho wakamfikisha hospitali Malindi. Huko ndiko walikompata Sista Jedida, mama mfupi wa kutoka bara, asiyependa maneno mengi. Akampangia sindano ya kila mwezi, kisha akamketisha.

"Nzai, sindano itapunguza, haitamaliza," akamwambia. "Hilo wazo la kutazamwa likija, usilikimbie na usigombane nalo. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umuulize kama naye anaona. Atakalosema, lishike hilo."

Nzai akamchagua Kabibi.

Basi ikawa hivi. Wameketi uani wanamenya muhogo, mara Nzai anaganda, kisu mkononi. "Kabibi, pale nyuma ya ua wa mbuzi, pana mtu?" Kabibi anatazama. "Hapana mtu, Baba Kahonzi." Nzai jasho linamtoka, shingo imemkaza, macho yake yanamwambia mtu yupo na ana kofia. "Haya," anasema, na anaendelea kumenya.

Jamani, hebu fikirini! Jicho lako likwambie yupo, nawe ulikatae jicho lako mwenyewe kwa neno la mkeo. Nani kati yetu anaweza? Sisi tunaobishana na wake zetu hata juu ya chumvi ya mchuzi! Nzai aliweza, tena kila siku, na Kabibi alimstahi kwa hilo kuliko alivyomstahi siku ya harusi yao.

Palibaki jambo moja. Nzai alitaka kwenda kuchomwa sindano peke yake. "Mimi si mbuzi wa kufungwa kamba," alisema. Kabibi akakubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Alikumbuka siku ile mumewe alipogeuka njiani akashinda vichakani hadi jua likazama. Basi akaenda kwa majirani wawili walio kando ya njia, Randu na Mapenzi.

"Siku ya sindano mtupieni Nzai jicho mpaka afike barabarani," akawaambia. "Ila asijue. Akijua ataona kweli anaviziwa."

Lo, aliwapa kazi watu wenye bidii! Randu, na tumbo lake lile, alijibanza nyuma ya mkorosho. Mapenzi, ambaye hata kuku hapiti kwake bila kuulizwa habari za nyumbani, alichutama nyuma ya ua wa jikoni. Na kwa kuwa aliyejificha hawezi kusalimu, hawakusalimu.

Hapo ndipo walipoharibu. Jilore mtu hapiti nyumba ya mtu kimya, wala hapitishwi kimya. Utaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi wameamkaje, na ukishaondoka utaitwa urudi, umesahau kusema mama mkwe ameamkaje. Anayepita kimya ana neno nawe, ama ni mchawi. Sasa Nzai anapita, mlango uko wazi, chungu kinatokota, na hakuna wa kumsalimu!

Alasiri alirudi nyumbani, sindano amechomwa, lakini uso umemshuka.

"Kabibi, leo nimemwona Randu nyuma ya mkorosho, ananichungulia. Ni kweli alikuwepo?"

Kabibi akageukia jiko. "Hapana," akasema. "Randu alikuwa shambani."

"Haya," akasema Nzai.

Akaketi, akashika kichwa. "Basi ugonjwa umezidi. Zamani nilikuwa naona nisiowajua. Leo namwona jirani yangu mzima, na tumbo lake. Nikirudi kwa Sista nitamwomba anipeleke Mombasa nikalazwe, nisije nikamdhuru Randu wa watu bure."

Tangu hapo Kabibi hakuwa na raha. Alisonga sima ikaungua, aliteka maji akayamwaga. Akisema kweli, Nzai atajua kwamba hata mkewe alikuwa katika wanaomvizia, na sindano huenda asiiguse tena. Akinyamaza, mtu anayepona ataenda kulazwa kwa kosa la macho mazima. Kila alipofungua kinywa aliogopa, akakifunga.

Siku ya sindano ya mwezi uliofuata ikafika, na Kabibi alikuwa hajawakataza majirani. Nzai alitandika kanga kitandani, akaweka shati, kikoi na mswaki, akaanza kufunga fundo. Kabibi akashindwa kuvumilia.

"Baba Kahonzi, fungua hilo furushi. Randu alikuwepo. Ni mimi niliyemtuma, na Mapenzi pia. Niliogopa usifike."

Nzai hakugeuka. "Alikuwa akifanya nini kule mkoroshoni?"

"Alikuwa akijikuna. Aliniambia alisimama juu ya siafu."

"Nilimwona akijikuna," Nzai akasema polepole. "Nikasema, mbona huyu jini ana upele?"

Kabibi alitaka kucheka, lakini Nzai alipogeuka hakuwa na kicheko.

"Kabibi, mimi nina macho mawili nisiyoyaamini, na mtu mmoja ninayemwamini. Ukinidanganya wewe, nabaki na nini?"

Kabibi akaangua kilio. Nzai akaliacha furushi pale kitandani, akatoka bila kuaga.

Kabibi akaruka amfuate. Alipofika mlangoni akajizuia, kwani kumfuata nyuma nyuma si kumvizia tena? Akaketi kizingitini, roho mkononi, hajui kama mumewe anakwenda Malindi au anakwenda vichakani.

Mara akasikia sauti ya Nzai kutoka nyumbani kwa Randu, sauti ya kibarua wa chumvi anayeita upande wa pili wa bwawa.

"Randu! Toka huko mkoroshoni kabla siafu hawajakumaliza!"

Majani yakachakarika.

"Umeamkaje, Nzai?" Randu akauliza, sauti ndogo kama ya mwizi wa mayai.

"Nimeamka. Kama mnanitazama, nitazameni mkinisalimu! Nawe Mapenzi, simama, utaumwa magoti!"

Mapenzi akasimama, na alivyokuwa amejaa salamu za mwezi mzima, akazimwaga zote. Watoto je? Mbuzi je? Mguu wa mama mkwe je? Kabibi akizisikia, akawa anacheka na kujifuta machozi kwa upindo wa leso.

Alasiri Nzai alirudi akichechemea upande wa sindano. Alikwenda, basi! Kabibi akampa maji, akanywa, akarudisha kata. Wakakaa. Baada ya muda Kabibi aliiona shingo ya mumewe ikikaza, macho yameelekea ua wa mbuzi. Akangoja aulizwe. Hakuulizwa. Nzai alitazama tu, jasho likimtoka, midomo ameibana, na Kabibi aliumia kuliko kama angetukanwa.

Kisha Nzai akavuta pumzi.

"Kabibi. Pale nyuma ya ua wa mbuzi, pana mtu?"

Kabibi hakujibu pale alipoketi. Aliinuka, akaenda mpaka uani kwa mbuzi, akazunguka nyuma, akatazama chini na juu, akarudi akasimama mbele yake.

"Hapana mtu, mume wangu."

Nzai akautazama ule ua. Akamtazama Kabibi, akamtazama sana.

"Haya," akasema. Akainua kigoda chake, akakigeuza, akaketi akiupa ua wa mbuzi mgongo.