Kifuniko cha Glopu ya Mama Wilkista

Mama Wilkista alifunga mapazia yote ya sebule Jumanne mchana kweupe, akabonyeza swichi, akangoja. Glopu ilipepesa mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, kisha ikawaka. Ndani ya kifuniko alichokifuma mzee Emojong mwanga ulikuwepo, hilo hakuna wa kulikana. Ila ulikaa humo humo.

"Mzee," alisema Wilkista kutoka gizani, "hii ni taa ama ni kapu ya kufunikia kuku?"

"Ngoja ipate nguvu, mama. Hizi za kuokoa umeme huanza polepole."

Wakangoja mpaka Wilkista akajigonga goti kwenye meza. Alifungua mapazia, akakitungua kifuniko na kumrudishia Emojong.

Emojong alikuwa mtu wa Malaba, na kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kufuma vichujio. Wateso wanywapo ajono, pombe ya nafaka ya wimbi, hukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na kwenye ncha ya mrija hukaa kichujio kidogo cha kuzuia makapi. Kichujio cha Emojong hakikupitisha hata ganda la punje moja. Watu walivuka mpaka kutoka Tororo kumtafuta. Lakini sifa ya kichujio huishia chunguni, hakuna anayeiona, na mzee alitamani kabla hajafa afanye kitu cha kutazamwa.

Ndipo Wilkista akamwita. Alikuwa amepata mali kwa kuuza samaki wa ufuoni Osieko, akajenga Busia nyumba yenye umeme. Mwanawe Ogendo alimletea kutoka Nairobi glopu ya namna mpya, isiyokula umeme. Sifa zake nyingi, sura haina: vioo vyembamba vilivyokunjwa kama pini za nywele, vimesimama juu ya kitako kinene, na mwanga mweupe wa zahanati. Ikining'inia tupu darini, sebule nzuri ilifanana na chumba cha kungojea sindano. Jumamosi wakwe wa Maureen, binti yake, wangekuja kujitambulisha, na Wilkista hakutaka wamkute hivyo.

Kifuniko cha kitambaa alichokuwa nacho Wilkista kilikuwa kimeungua zamani kwa joto la glopu ya kawaida. Emojong aliyasoma maandishi ya sanduku mwenyewe, neno kwa neno, akaelewa kwamba hii mpya haichomi. Basi hata ukindu mkavu ungeweza kuikumbatia. Wazo hilo lilikuwa lake, na alijivunia.

Sasa alirudi Malaba na kifuniko chake kwapani.

Alifuma kingine. Alijiambia aache nafasi, akaacha, lakini kila alipofika mzunguko wa tatu vidole vilivuta uzi vyenyewe na nafasi ikazibika. Alifumua, akaanza upya. Kufikia Ijumaa alikuwa na vifuniko viwili vizuri visivyopitisha hata mbu, na hasira isiyo na mtu wa kuibeba.

"Unafuma kama wimbi iko ndani," alisema mkewe, Adeke.

"Nifume vipi? Kama mtu mlevi?"

Adeke alichukua shazia, sindano ya kushonea magunia, akakaa chini na kuanza kuchomoa ukindu wa kifuniko kipya, uzi mmoja kila baada ya mbili. Emojong alitoka nje. Hakuweza kutazama.

Jumamosi alikipeleka kifuniko hicho Busia kimefungwa kwenye gazeti, kama mtu anayepeleka harusini mtoto mwenye kamasi. Wilkista alipanda kiti akakitundika, akafunga mapazia. Glopu ikapepesa, ikawaka, na safari hii mwanga ukatoka. Ule weupe wa zahanati ulipopita kwenye ukindu uligeuka rangi ya asali, ukapanda ukutani kwa mistari, ukajitandaza darini kama wavu uliotupwa vizuri. Wilkista alizunguka chumba kizima huku amejishika kiuno.

"Hapo sasa, mzee. Kwa nini ulininyima hii tangu Jumanne?"

Emojong aliitazama kazi. Aliona matundu tu.

Angeondoka, lakini wakwe walifika na Wilkista akamshika mkono. Mapazia hayakufunguliwa tena. Wageni walipoketi walitazama juu wote, na mama mmoja akauliza kimenunuliwa Kampala au Nairobi.

"Kampala gani? Fundi ndiye huyu hapa," alisema Wilkista.

Baba wa bwana harusi alikuwa Okiror wa Amagoro, aliyenyonya ajono kwa vichujio vya Emojong tangu ujana wake. Alikitazama kifuniko kwa muda mrefu, kisha akamtazama mzee.

"Emojong, hii umefuma wewe?"

Emojong alivua kofia yake.

"Ni mimi."

"Basi nani alikukata vidole?"

Watu walicheka, na Okiror akacheka kuliko wote, kwa upendo, na hilo lilizidisha ubaya. Mzee alitaka kumweleza kwamba kujaribu kufuma vile kulimgharimu kuliko vichujio mia moja. Kwamba pombe na mwanga haviombi kitu kimoja. Maneno yalimjia kwa Kiteso, kisha kwa Kiswahili, na kwa lugha zote mbili yalisikika kama udhuru. Akasimama aende zake.

"Usimsikize," alisema Wilkista, akimsindikiza hadi mlangoni. "Nataka zingine mbili. Moja ya chumba cha kulala, moja ya Maureen aende nayo kwake. Hii hii, mzee. Usibadilishe kitu."

Emojong alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Hizo mbili, mama, atakuja kupima mke wangu, Adeke," alisema. "Matundu hayo ni kazi yake."

Akashika njia ya stendi bila kugeuka nyuma.