Weusi kwenye Ukurasa wa Ukoo

Shangazi Lata aliingia uani akilia, mkeka mkuukuu wa msiba, ule wanaojifunga wafiwa, umemfunika mpaka masikioni. Kalolaine aliyekuwa akifua aliliacha shati likaelea kwenye beseni.

"Feleti yuko wapi? Mwite ndugu yangu! Sosaia amekufa!"

Kalolaine alisimama. Sosaia, kaka yake, alikuwa Australia akichuma matunda. Aliondoka kwa ugomvi, na tangu siku hiyo baba yao, Feleti, alipiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani.

"Nani kakwambia, shangazi?"

"Nani aniambie? Si wewe mwenyewe umemtangaza! Una roho gani, mtoto wewe, msiba wa kaka yako unautuma kwenye simu kama tangazo la mnada?"

Feleti alikuwa anatoka shambani, kapu la viazi vikuu begani, akayasikia hayo. Kapu lilimtoka. Akakaa chini palepale, kwenye tope la kando ya bomba.

"Sosaia," alisema. "Sosaia wangu."

Kalolaine hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alijipangusa povu mikononi, akampokonya shangazi simu.

Ulikuwa ukurasa wa tovuti wa ukoo, kazi yake ya chuo. Jana, kabla ya mazoezi ya kwaya, aliwatumia ndugu wote. Kila mtu alikuwa na kisanduku chenye picha, na picha ya Sosaia aliiweka mwisho kabisa, kwa siri, akitumaini baba ataiona na moyo utamlainika. Sasa kisanduku kile kilikuwa cheusi, picha ikionekana kama kivuli tu, na msalaba juu yake.

Akapandisha ukurasa kwa kidole. Cheusi. Cheusi. Vyote vyeusi, mpaka kwa bibi, aliyefariki mwezi Machi.

Ndipo alipoelewa. Alitaka kumpaka weusi bibi peke yake, anayefuata baada ya babu. Darasani walikuwa wamefundishwa juzi tu kanuni za kupaka visanduku rangi: alama ya kujumlisha hushika jirani mmoja anayefuata, alama ya kiwimbi (~) hushika wote wanaofuata. Yeye aliandika kiwimbi, akatazama kisanduku cha bibi tu, akaridhika, akaenda kuimba.

"Ni mimi nimekosea," alisema. "Kanuni niliyoandika imewapaka wote. Baba, hata wewe umekufa humu. Shangazi, na wewe pia."

"Mimi?" Shangazi aliinyakua simu, akajiona chini ya msalaba. "Yesu wangu! Na picha yenyewe ile niliyofumba macho! Na nguruwe je? Nimeshachinjisha nguruwe wa matanga!"

"Mpigie," Feleti alisema, bado yuko topeni.

Simu iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena. Kimya. Shangazi akaacha kulalamika. Hata Kalolaine, aliyejua kosa limetoka wapi, akaanza kuogopa kwamba labda weusi ule umesema kweli.

Mara simu ikalia.

"Shangazi? Nilikuwa juu ya ngazi, kuna nini?"

Feleti aliikamata. "Mpumbavu wewe! Simu inaita hupokei, unataka kuniua?"

Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Baba?"

"Ni mimi." Hakuikata simu.

Kalolaine akaleta kompyuta, akakaa kando yake. "Naweka alama ya kujumlisha, Baba. Wote watatoka kwenye weusi mara moja."

"Mtoe yeye kwanza."

"Lakini nikibadilisha hiyo alama moja, wote..."

"Nimesema yeye kwanza."

Hakubishana. Aliandika kanuni nyingine, ya yule wa mwisho peke yake, akaihifadhi. Huko chini kabisa, baada ya ukoo mzima mweusi, uso wa Sosaia ukatokea wazi, unacheka.

Feleti alisogeza macho karibu na kioo, simu bado iko sikioni.

"Ana ndevu," alisema, kama mtu aliyepigwa kofi. "Lata, njoo uone. Mwanangu ana ndevu."