Lubondja Imetolewa

Solange alisoma ujumbe wa wafadhili akiwa amesimama, kisha akausoma tena akizunguka meza. Fedha za utafiti zilikuwa zimekubaliwa. Baada ya miaka ya kuandika, kusahihisha na kungoja, shirika lao dogo la mjini Baraka lilikuwa limezipata. Casimir, mkuu wa shirika, alikuwa ameshaanza kuwapigia watu simu huku akicheka.

"Soma mpaka mwisho, Papa Casimir," Solange akamwambia.

Mwishoni kulikuwa na sharti. Utafiti ungefanyika Swima na Lweba, vijiji vya kando ya ziwa. Lubondja, kijiji cha mlimani, ilitolewa. Njia ya kupanda kule haikuwa salama, na bima ya wafadhili haikumruhusu mtafiti wao yeyote kuipita. Walitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

Casimir aliweka simu mezani. "Tukubali kwanza. Lubondja tutaiona kisha."

"Lakini ile ulizo ilitoka kwa bamama ya Lubondja."

Ilikuwa kweli. Kabla ya kuingia katika utafiti Solange alikuwa mkunga, na katika kikao cha kwanza wanawake wa Lubondja ndio waliomuuliza kwa nini mama wa ziwani anafika maternité, kituo cha uzazi cha Baraka, akitembea, na wao wanafika wakiwa karibu kufa. Mradi mzima ulijengwa juu ya swali hilo. Kila kijiji kilichagua mama mmoja wa kukaa kwenye kamati, na bila kamati hakuna lililoamuliwa. Wafadhili wenyewe waliwasifu kwa jambo hilo.

Siku ile Solange hakufanya kazi yoyote. Alifungua kompyuta, akaifunga. Alitoka nje, akarudi, akasahau alichokifuata. Mwishowe akampigia Mama Husna, mjumbe wa Swima.

"Nasikia uchungu juu ya Lubondja," Husna alisema. "Lakini tukikataa, na bamama ya Swima banakosa. Utabaambia nini?"

Solange alimshukuru, akakata simu. Kulipokucha alipanda pikipiki kwenda Lubondja bila kumwambia Casimir, kwa sababu angemzuia.

Alimkuta Nadège, mjumbe wa Lubondja, akipalilia muhogo. Njia nzima Solange alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini pale shambani hayakuja. Alisema tu kwamba fedha zimepatikana, na kwamba Lubondja haimo.

"Banatutoa juu ya njia?" Nadège aliuliza.

"Juu ya njia. Assurance yao, ile bima, haikubali."

Nadège aliendelea kulima. "Sisi tunaipita. Tunashuka na mimba, tunarudi na mutoto, ao bila mutoto. Hakuna mutu aliuliza kama tuko na assurance."

Yeye mwenyewe alikuwa amerudi bila mtoto mwaka uliopita. Solange alikaa kwenye tuta, akasimama tena.

"Unaweza kunikasirikia," alisema.

"Nikikasirika, ile feza itakuya?" Nadège aliegemea jembe. Akatazama kule nyumba zilikokuwa. "Lazima mwenye kuuliza atoke Baraka? Merveille, yule binti wa hapa kwetu, anasoma vizuri. Na mimi naweza kuuliza. Mutufundishe kule chini, tutapanda kuuliza benzetu. Na mutulipe sawa na bale mungetuma."

Solange alitaka kufurahi, lakini aliifikiria ile njia. "Na kama kitu kinatokea mu njia? Ile assurance haitabahusu hata ninyi."

"Najua. Baambie na ile."

Solange aliwaandikia wafadhili yote mawili, pendekezo na hatari yake. Casimir alikasirika. Alisema mashirika mengine yanangoja nafasi hiyo hiyo, na kwamba Solange atawapotezea kila kitu. Kamati ilipokutana, Husna alisitasita sana, kisha akasema ataunga mkono pendekezo la Nadège, ila wafadhili wakikataa, Swima na Lweba ziendelee. Nadège alikubali. Wote walitoka kikaoni bila raha.

Wafadhili waliomba kuongea na kamati kwa simu. Mtandao ulikatika na kurudi, na Nadège alilazimika kueleza mambo yale yale upya. Mwishowe walikubali. Wanawake wa Lubondja wangefundishwa na kulipwa kama watafiti. Bima walikataa kuibadilisha, lakini fedha zilizotengwa kwa gari la shirika ziliwekwa kando kwa ajili ya matibabu, kama mmoja wao angepata shida. Casimir alilitaka sana lile gari. Kwa siku kadhaa alimsalimia Solange tu, basi.

Mafunzo yalipokwisha, Nadège na Merveille walipanda kurudi kwao asubuhi, mvua ikianza. Solange alishinda akishika simu na kuiweka. Ni yeye aliyeyapeleka maneno yao kwa wafadhili; likitokea jambo, angemwambia nani kwamba walikubali wenyewe?

Simu ililia mchana.

"Tulifika," Nadège alisema, akihema. "Lakini leo hatuulizi kitu. Muke wa jirani yetu Dieumerci anaumwa, mutoto anakataa kutoka. Tunamushusha na kipoyi."

"Munapita wapi?"

"Njia si iko moja tu?"

Solange aliwaarifu wauguzi wa maternité, kisha akatafuta pikipiki. Alikutana nao njiani, wanaume wakipokezana machela ile ya miti, Nadège na Merveille wakifuata wamelowa. Alimpima mama palepale kwenye matope, akawaambia waongeze mwendo.

Mtoto alizaliwa Baraka kabla ya giza, akiwa mzima. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, lakini wauguzi walisema atapona.

Nadège alikaa kwenye benchi ya nje, akikung'uta matope kwenye kitenge. "Kesho napanda tena," alisema.

"Ngojea kwanza tusikie habari ya njia."

"Kazi iko kule, Mama Solange. Bale bamama banangojea."

Solange akaenda kumtafutia kitu cha kula.