Profesa Rasker Ametoka Bila Koti

Programu yetu ya uzamivu wa ikolojia haina jengo. Ni mali ya idara sita, na kitu cha watu sita unajua mwenyewe kinavyotunzwa. Chumba cha mikutano tumeazima kwa watu wa misitu. Mashine ya kahawa ni ya watu wa udongo, na hawaachi kutukumbusha. Barua zetu zinapitia kwa watu wa samaki, ambao huzifungua kwanza kisha wanasema zimekuja zimefunguka. Ukiishi humo miaka minne kama mimi, unazoea kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama usoni.

Kinachotutawala ni kamati. Kila idara inatoa profesa mmoja, mmoja wao ndiye mwenyekiti, na wanafunzi tuna mjumbe wetu mwenye kura kamili. Mwaka ule mjumbe wetu alikuwa rafiki yangu Delphine Kowalczyk. Mimi nilikuwa naibu wake, maana yake nakaa pembeni, sina kura, nakula donati. Bila wajumbe watano hakuna akidi, na bila akidi hakiamuliwi kitu, watu wanarudi makwao. Delphine alipenda kujisifia hilo, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa wa tano. "Wazee hawa bila mimi wangekuwa wanajadiliana na viti," alikuwa akisema.

Basi mwezi wa tatu likaletwa jambo la Profesa Lorna Haugen. Kwa kanuni zetu, kila baada ya miaka mitano profesa anapitiwa: amefundisha kozi ya pamoja? Ametahini wanafunzi wa wenzake? Amehudhuria vikao? Akionekana hajitumi, anaondolewa kwenye programu. Haugen hakuwa na jibu zuri hata kwa swali moja. Alikuwa mbugani muda wote, magoti kwenye matope, anachimba mizizi ya nyasi. Juu ya hayo alikuwa na ulimi. Kwenye mkusanyiko wetu wa vuli, watu wote wamesimama na sahani zao za viazi vya jibini, alimwambia mwenyekiti, Profesa Alden Voss wa maziwa na mito, kwamba maziwa anayoyachora kwenye kompyuta ni mazuri mno, ila inasikitisha kwamba hakuna samaki aliyekubali kuhamia. Tulicheka mpaka machozi. Voss naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichonitia wasiwasi.

Haugen alikuwa msimamizi wa Delphine. Katika idara zote sita hapakuwa na mwingine aliyejua lolote kuhusu kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya nyasi za mbuga. Haugen akiondolewa, Delphine angelazimika kupata msimamizi mwingine kabla ya vuli, asipopata anatoka kwenye programu, na udongo wake wote aliouhangaikia unabaki kwenye jokofu. Alihitaji mwaka mmoja tu amalize tasnifu. Mwaka mmoja!

Sasa nikwambie kuhusu Profesa Niels Rasker, wa wadudu. Mrefu, kimya, anakuja na sandwichi yake ameifunga kwenye kitambaa. Donati hagusi. Mtu anayekataa donati ya bure mimi namwangalia mara mbili. Kwenye kikao kile cha mwezi wa tatu hakusema neno mpaka mwisho, ndipo akanyanyua kidole.

"Na jambo hili lisipoamuliwa kabla ya muhula kwisha?"

"Anaendelea mwaka mmoja zaidi, mpaka kamati mpya ije," Voss akajibu. "Lakini litaamuliwa. Tutakaa tena mwezi wa nne, kikao cha mwisho."

Rasker akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye sandwichi yake. Delphine akanikanyaga mguu chini ya meza, nusura nipige kelele.

Tulipotoka nje alikuwa anachemka. "Umemsikia? Anaogopa muda usije ukaisha! Anataka mama wa watu amalizwe haraka haraka."

"Labda ameuliza tu, Delphine."

"Rasker aulize tu? Yule hata salamu anaitoa baada ya kufikiri. Wana lao jambo wale wawili, nakuambia."

Na kweli, tangu siku hiyo tukaanza kuona mambo. Tulimwona akitoka ofisini kwa Voss, mlango ukafungwa taratibu nyuma yake. Tulimkuta kwenye ngazi akiongea na profesa wa samaki, ambaye ni pete na kidole na Voss, na walipotuona wakaanza kuzungumzia theluji. Delphine akaenda kwa Haugen kumwonya. Mama yule hata hakuinua macho kwenye darubini.

"Niels kaniambia yuko nami," akasema. "Mengine waachie wakubwa wako. Wewe ni mjumbe, haifai tuongee haya."

"Na wewe unamwamini, Profesa?"

"Nimemjua kabla wewe hujazaliwa. Nenda kafanye kazi."

Delphine akarudi kwangu na uso umemshuka. "Kamwahidi kura. Unaona sasa ujanja wake? Kamlaza usingizi."

Wa kututuliza alikuwa Profesa Bettina Crowe wa misitu, mama wa donati. Yeye hana mbali na mtu. Akikukuta kwenye korido anakukumbatia, anakuuliza habari za mama yako. "Msiwe na hofu, wapenzi wangu," alituambia akitushika mikono. "Lorna ni hazina. Mimi nipo." Tulimpenda, nisidanganye. Siku hiyo tulilala vizuri.

Delphine akapiga hesabu ya kura za maprofesa, maana hili yeye halipigii. Profesa wa ndege alikuwa utafiti Panama, kwa hiyo hatapiga kura. Voss na wa samaki watampinga Haugen, hilo hata mtoto analijua. Wa udongo atamtetea, ni idara yake mwenyewe. Bettina yupo nasi. Anabaki Rasker. Akitimiza ahadi, tumeshinda watatu kwa wawili. Akigeuka, tumekwisha.

Siku ya kikao theluji ilikuwa inaanguka tena, mwezi wa nne huo, watu wameshachoka na mabuti. Tulianza na mambo madogo, nani atumie gari la programu kiangazi, nani alipe mashine ya kahawa, ugomvi wa kawaida. Kisha Voss akavua miwani.

"Sasa tunaingia kikao cha faragha. Wanafunzi, mtatupisha."

Mambo ya uanachama wa maprofesa wanafunzi hatuyasikii wala kuyapigia kura. Tukatoka. Bettina akatukonyeza. Rasker alikuwa anakunja kitambaa chake cha sandwichi polepole, pembe kwa pembe.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Delphine anang'ata kucha, mimi namwambia atulie, yeye ananiambia nitulie mwenyewe. Sauti zilikuwa zinasikika bila maneno. Mara mlango ukafunguka na Rasker akatoka. "Naenda msalani," akawaambia waliokuwa ndani, kisha akaufunga. Koti lake nililiona limebaki kwenye kiti.

Akapita msalani. Hakupunguza hata mwendo. Akashuka ngazi.

"Anaenda wapi huyu?" nikauliza.

Delphine alikuwa ameshasimama. Alipauka. "Anakimbia kura. Mungu wangu, anakimbia kura! Wamebaki wanne, wawili kwa wawili, na zikilingana Voss ndiye anayeamua. Halafu yeye kesho atasema, mimi sikuwemo, Lorna, nilikuwa msalani!"

Ilikuwa inaingia akilini kabisa. Mtu ametoa ahadi, hataki kuitimiza, hataki kuonekana ameivunja. Tukashuka ngazi mbio.

Tulimkuta kwenye maegesho, chini kabisa ya dirisha la chumba cha mikutano, na shati tu mwilini, theluji imemjaa mabegani. Ameshaingia garini na gari linaunguruma. Delphine akaenda akasimama mbele ya gari na mikono yote miwili juu ya boneti.

Rasker akashusha kioo. "Delphine, sogea tafadhali."

"Unaenda wapi, Profesa?"

"Nyumbani. Mbwa wangu mgonjwa."

"Huna mbwa! Chuo kizima kinajua manyoya ya mbwa yanakuvimbisha macho!"

Rasker akafumba macho kidogo. Nilidhani ni aibu, nikafurahi.

"Binti, ya mle ndani siruhusiwi kuyasema nje, unazijua kanuni. Nenda kanywe kahawa. Niamini tu."

"Nikuamini wewe? Ulimwahidi! Umemwangalia usoni ukamwahidi kura, na sasa unatoroka!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Delphine, nakuomba," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. "Punguza sauti."

Hapo ndipo Delphine alipoipaza zaidi. "Profesa Rasker anakimbia kura! Njooni mwone! Anakimbia kura!" Na mimi nilisimama pembeni yake, namuunga mkono kwa kichwa, naona fahari kuwa rafiki wa mtu jasiri namna ile.

Dirisha la juu likafunguliwa. Voss akatoa kichwa.

"Niels? Si umesema unaenda msalani?"

Rasker alituangalia sisi wawili, akaangalia juu, kisha akazima gari. Akatoka na kupanda ngazi bila haraka, viatu vinaacha maji, Delphine nyuma yake anamsindikiza mpaka mlangoni kama askari. Mlango ukafungwa. Delphine akanikumbatia kwa nguvu.

"Sasa apige kura yake mbele ya wenzake," akasema. "Tuone atamtazamaje Haugen akigeuka."

Haikuchukua muda. Walitoka mmoja mmoja. Wa udongo alitoka wa kwanza, amekunja uso, akatupita moja kwa moja. Wa samaki akatoka akipiga mluzi. Bettina akatoka na boksi lake la donati kifuani, akasema, "Zimebaki mbili, chukueni," akalisukuma mikononi mwangu na kwenda zake. Hakutukumbatia. Hakututazama. Nikabaki na boksi.

Voss akatoka anafunga mkoba. Alikuwa mchangamfu.

"Pole, Delphine. Programu imeachana na Lorna, watatu kwa wawili. Tutakusaidia kutafuta msimamizi, usijali." Akamshika bega. "Na lazima nikushukuru. Bila wewe tungeahirisha mpaka mwakani. Wewe umetoka, Niels kaondoka, tumebaki wanne, akidi hakuna. Nilikuwa nimeshaanza kuaga watu."

Akaenda.

Delphine alibaki amesimama. Niliona midomo yake ikihesabu. Voss, wa samaki, wa udongo, Bettina. Akaanza upya. Nilijua anapokwama, kwa sababu na mimi nilikwama hapo hapo: mwaka mzima alizoea kujihesabu mwenyewe, na pale kwenye maegesho alimhesabu kila mtu akasahau kwamba yeye ameshatolewa nje. Kura alizipiga hesabu, akidi akaisahau. Rasker angeondoka, kura zisingepigwa kabisa.

Rasker akatoka wa mwisho, koti mkononi. Delphine akamkimbilia.

"Ulijua Bettina atageuka?"

"Niliotea," akasema. "Niliuliza huku na huku, nikapata mashaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, na Voss anasikiliza dirishani?" Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akatuaga kwa majina yetu, akaondoka.

Nilimwambia Delphine nitakwenda mimi kumpa Haugen habari. Akakataa. Tukaenda wote, hatukuongea njia nzima, na boksi lile nikalitupa kwenye pipa la kwanza nililoliona.

Haugen alikuwa kwenye banda la kioo la mimea, anamwagilia nyasi za Delphine, vyungu vyote kimoja kimoja, kwa kuwa siku za kikao Delphine hapati nafasi. Mle ndani palikuwa na joto na harufu ya udongo. Aliposikia mlango hakugeuka hata, aliendelea kumwagilia.

"Haya nipeni habari," akasema. "Niels amefanikiwa kutoka?"

Haugen akaweka chini chombo cha maji na kugeuka.

"Alitoka," Delphine akasema. "Mimi ndiye niliyemrudisha."