Wimbo wa Gaju kwa Mwendo Wake

Kwa miaka kumi na minne Mukandekezi alikuwa akimtafutia Gaudiosus siku yake, na siku hiyo ilimjia ikiwa ndani ya boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani. Juu ya boksi mtu alikuwa ameandika kwa wino: Gaju. Mwimbaji Gaudiosus. Kimuli, Juni 1978.

Alilitazama boksi lile bila kuligusa. Mtu mwingine angefurahia kazi, maana kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Yeye alifurahi kwa sababu nyingine kabisa, na mimi sitamsingizia wema ambao siku ile hakuwa nao.

Mwaka ulikuwa 1996. Chama cha kuhifadhi nyimbo za zamani kilikuwa kimepata tepu kumi na mbili zilizorekodiwa na mtafiti mmoja wa Kizungu aliyezunguka Karagwe mwaka 1978, kabla ya vita. Zilitakiwa zisafishwe, zinyooshwe, zitiwe kwenye sidii ili zisiozee kabatini. Mukandekezi alikuwa amesomea ufundi wa sauti Nairobi miaka miwili, na katika wilaya nzima hakukuwa na mwingine wa kupewa. Wakampa chumba kimoja Kayanga, mashine ya tepu yenye magurudumu mawili, kompyuta, na jiko la mkaa la kuchemshia chai.

Wimbo wa Gaju aliujua hata kabla ya kuuweka kwenye mashine. Nani asiyeujua? Redio iliupiga miaka nenda rudi, kijisauti chembamba kikimsifu Gaju, ng'ombe mwekundu, haraka haraka, hadi watoto wakauimba wakienda kisimani. Gaudiosus kwa wimbo huo alivimba kichwa. Aliitwa kwenye harusi, akapewa viti vya mbele, akawa mtu wa kusikilizwa hata kwa mambo asiyoyajua. Na wimbo haukuwa wake. Ulikuwa wa Harerimana, baba yake Mukandekezi, aliyeutunga peke yake akichunga kwenye mbuga za Rugu.

Mwaka 1982, kwenye harusi moja, Harerimana alikunywa akalisema jambo hilo mbele za watu. Gaudiosus hakukubali kuchafuliwa jina. Alimfikisha kwa wazee, akaja na redio kaseti, akaupiga wimbo. Kisha akauimba mwenyewe kwa sauti yake nyembamba, na kweli ilifanana. Wazee wakamwambia Harerimana naye aimbe. Harerimana alikuwa na sauti nzito, ya kutoka tumboni. Hakumaliza hata ubeti mmoja, watu walikuwa wameshaanza kucheka.

Faini ya mwongo pale ilijulikana. Unaleta kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, unapiga magoti, unamgawia kila mzee kwa mikono yako, unamalizia kwa yule uliyemsingizia, na wewe hunywi hata tone. Mukandekezi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alimwona baba yake akitambaa kwa magoti kutoka mzee hadi mzee, suruali yake ya kanisani ikichafuka vumbi, na alipofika kwa Gaudiosus, Gaudiosus alikunywa taratibu huku akimwangalia usoni. Tangu siku hiyo Harerimana hakuimba tena, hata kwa ng'ombe wake. Alikufa mwaka 1989, na kisasi kikabaki kwa bintiye.

Sasa basi, tepu ilikuwa mkononi mwake.

Aliisafisha kwa kitambaa, akaipitisha, akavaa hedifoni. Mvumo ulikuwa mwingi, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Mwanzoni kabisa kulikuwa na watu waliozungumza, lakini maneno yalikimbia kama milio ya kuku, akayaruka. Wimbo ukaanza, kile kile kijisauti. Aliusikiliza mpaka mwisho akitafuta kosa lolote, na mwisho wake akasikia kengele. Ililia mara chache kwa mbali, nyembamba, kama ya baiskeli.

Mukandekezi alivua hedifoni. Alikuwa amesoma Kimuli kwa masista, akaamshwa na kengele ile miaka minne. Kengele ya Kimuli hailii hivyo. Ni kengele nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Alikaa akiwaza, kisha akajipiga paja. Mashine ya mtafiti ilikuwa ya kubeba begani, ikila betri, na huko vijijini betri mpya angezipata wapi? Betri zikichoka, mashine hurekodi kwa kujivuta. Ukija kuipiga tepu hiyo kwenye mashine yenye umeme wa kutosha, kila kitu hukimbia na kupanda juu. Kengele nzito huwa nyembamba. Na sauti ya mtu je?

Kesho yake alipanda gari la Kimuli akiwa na kinasa sauti kidogo mkobani. Alisimama uani kwa masista mpaka saa sita mchana, kengele ikalia, akainasa. Sista mmoja alimuuliza kama anataka kuingia ukumbini ale.

"Nashukuru, Sista," alisema. "Nilichofuata nimekipata."

Kurudi Kayanga akaziweka kengele mbili pamoja, ya 1978 na ya sasa, akaanza kuzungusha kitufe cha mwendo wa mashine. Alipunguza kidogo, akasikiliza. Akapunguza tena. Betri zilikuwa zimechoka zaidi kadiri wimbo ulivyoendelea, kwa hiyo alilazimika kuurekebisha kipande kwa kipande, akipima kwa sikio na kuandika namba kwenye daftari. Ilimchukua siku tatu. Siku ya tatu kengele mbili zilipolia kama moja, alirudisha wimbo mwanzo, akafumba macho.

Baba yake aliimba. Aliimba polepole, kwa sauti ile ile waliyoicheka, akiacha pumzi katikati ya mistari kama mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe walioshiba. Mukandekezi alilia, akacheka, akamtukana Gaudiosus matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Angemwonyesha kilichomtoa kanga manyoya. Hakuwa na haja ya kusema neno. Angewasha mashine tu.

Ndipo akakumbuka yale mazungumzo ya mwanzo aliyoyaruka. Akayarudisha, nayo kwa mwendo wake wa kweli. Yalikuwa kwa Kinyambo cha Karagwe, na yalisikika vizuri kabisa.

"Mzungu anauliza aandike jina gani," ilisema sauti ya Gaudiosus, aliyekuwa mkalimani siku hiyo.

"Andika lako, Gaudiosus," alijibu Harerimana. "Mimi karatasi za kuishi hapa sina. Jina langu likitangazwa wakaja kuniuliza nimetoka wapi, Mukantabana wangu nitamwacha na nani? Wimbo nimemtungia yeye, ng'ombe ni kisingizio tu. Jina weka lako."

Mukandekezi aliyasikiliza mara tano. Kumbe Gaudiosus alipewa. Kumbe baba yake mwenyewe, kwa kuogopa kurudishwa Rwanda, alilitoa jina kwa mkono wake. Kisha hasira ikamrudia kwa njia nyingine, ikiwa kali zaidi. Kupewa jina ni jambo moja. Kumpigisha magoti aliyekupa, ukijua wazi kwamba hawezi kujitetea bila kujitaja kwamba hana karatasi, hilo ni jambo lingine, na hilo Gaudiosus hakupewa na mtu.

Lakini alijua watu walivyo. Wakiyasikia maneno yale watasema, ah, basi walikubaliana, mambo ya wazee hayo, na Gaudiosus atatoka mweupe kama karatasi. Alijaribu kuona kama angeweza kubakiza jina la mama yake Mukantabana na kuondoa mengine. Haikuwezekana. Baba yake alikuwa ameyasema yote kwa pumzi moja.

Alichukua wembe. Kwenye kompyuta kukata si kitu, ungeweza kukata na asili ikabaki salama. Yeye alikata asili yenyewe, kiasi cha mita mbili za tepu, akaunganisha ncha zilizobaki kwa gundi yake, na kile kipande akakitia kwenye jiko la chai. Kilinuka vibaya, akafungua dirisha. Alijiambia kwamba mama yake hayajui maneno hayo, na asichokijua hakiwezi kumuuma.

Wiki hiyo hiyo Gaudiosus alipita pale akiwa na kofia yake ya sherehe. Alikuwa amealikwa kuwa mgeni rasmi wa uzinduzi wa sidii, na alikwishaagiza nyumbani kwake rubisi itengenezwe.

"Shikamoo, mzee," alisema Mukandekezi.

"Marahaba, binti yangu. Nasikia mnatusafisha. Usiniharibie sauti tu, watu wameizoea ilivyo."

"Siiharibu, mzee. Nairudisha ilivyokuwa."

Gaudiosus alimpa pole ya kazi, akaondoka akipiga mluzi.

Uzinduzi ulifanyika Rugu Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa kanisa. Jenereta liliwashwa, spika mbili zikapandishwa juu ya meza. Mukantabana, mama yake Mukandekezi, alikaa mkekani na wanawake wenzake. Gaudiosus alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, tayari kupongezwa. Mukandekezi alitia sidii, akabonyeza.

Ubeti wa kwanza haukuisha. Mzee Evaristi, mmoja wa wale waliohukumu mwaka 1982, alisimama huku akitikisa fimbo.

"Huyo ni Harerimana," alisema.

Hakuna aliyembishia. Wanawake walishika vinywa. Wimbo uliendelea taratibu hadi mwisho, kengele ya Kimuli ikalia kwa uzito wake, na Mukandekezi akaeleza kwa maneno machache habari ya betri zilizochoka. Watu wote wakageuka kumtazama Gaudiosus.

Yeye alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umemshuka, lakini hakuwa ameishiwa hoja.

"Pigeni mwanzo," alisema. "Kabla ya wimbo kuna maneno. Aliniambia mwenyewe niandike jina langu. Pigeni mwanzo msikie."

"Mwanzo ndio huo uliousikia, mzee," alisema Mukandekezi. "Tepu iko Kayanga. Anayetaka aje aisikilize."

Gaudiosus alimtazama, na Mukandekezi aliona kwamba ameelewa kila kitu. Alikuwa ameisubiri sura ile kwa miaka kumi na minne, na ilikuwa tamu kuliko alivyowaza. Kisha mzee yule akaugeukia mkeka wa wanawake.

"Mukantabana, wewe ulikuwepo," alisema kwa sauti iliyoanza kukatika. "Tulikuwa sisi watatu na Mzungu, na wewe ulikaa karibu na mlango. Sema alichosema mumeo."

Mukandekezi hakujua kwamba mama yake alikuwepo siku ile. Hakuwahi kuambiwa.

Mukantabana alimtazama binti yake.

"Sikumbuki maneno yoyote," alisema.

Basi ikawa imekwisha. Mzee Evaristi akasema faini ni ile ile, na rubisi iko tayari. Gaudiosus aligawa pombe ya sherehe yake mwenyewe akiwa magotini, mzee baada ya mzee, kofia imeanguka na hakuna aliyemwokotea. Mwisho alifika mbele ya Mukantabana, aliyekaa mahali pa mumewe aliyekufa. Mukantabana alipokea, akagusisha midomo, akarudisha bila kumwangalia. Mukandekezi alisimama kando ya spika, na ningekuwa mwongo nikisema alimhurumia.

Jioni walifika nyumbani. Mukantabana aliinjika ndizi, akanawa mikono, akavaa kitenge kisafi kana kwamba anasubiri mgeni. Kisha akaketi karibu na mashine ndogo ambayo binti yake alikuja nayo.

"Nimedanganya leo," alisema. "Mbele ya kanisa, katika umri huu. Gaudiosus alistahili, sijutii hilo. Alimpigisha baba yako magoti akijua."

"Ndiyo, mama."

"Niliposikia umeyakata yale maneno, nilisema moyoni, mwanangu ana akili, yale si ya kusikiwa na kila mtu. Yale ni yangu. Ndiyo maana nikakusaidia." Akavuta kitenge mabegani. "Unajua hakuwahi kusema tena kwamba wimbo ni wangu? Mara moja tu ile, mbele ya Mzungu, na hakujua kama nimemsikia. Haya, tuko wawili sasa. Niwekee kile kipande."

Mukandekezi alitazama mikono yake.

"Nilikichoma, mama."

Mukantabana alikaa pale pale, masikio yakiwa bado upande wa mashine. Mukandekezi alinyoosha mkono, akauanzisha wimbo polepole, akidhani angalau sauti ya baba yake ingemtuliza.

"Zima," alisema mama yake, akainuka kuangalia ndizi.